Pombe inapochemka kwa nguvu: jinsi ya kuituliza na kuepuka ajali

Katika vijiji vingi vya Afrika Mashariki, pombe ya kienyeji hupikwa nyumbani. Kilimanjaro kuna mbege ya ndizi na ulezi. Magharibi mwa Kenya kuna busaa. Rwanda na Burundi kuna pombe ya ndizi iitwayo urwagwa au urwarwa. Hupikwa kwa ajili ya harusi, misiba, kazi za pamoja za shambani na biashara. Mara nyingi wapikaji ni akina mama, na fedha zinazopatikana hulipa ada na kununua chakula.

Katika makala hii tunaeleza hatua moja tu ya kazi hiyo: ile saa ambayo pombe inachemka yenyewe bila moto. Povu hupanda, pipa hufurika, na dumu lililofungwa huvimba. Tunatumia mbege kama mfano, lakini maelezo haya yanafaa kwa pombe yoyote inayochachuka.

Hatukusudii kumshawishi mtu anywe wala apike. Lengo ni kwamba anayepika asipoteze mali yake, asijeruhiwe na asimdhuru mnywaji.

Kwa nini mada hii ni muhimu?

Kwa sababu tatu.

Kwanza, hasara. Pombe ikifurika, robo ya pipa inaweza kwenda chini pamoja na ndizi, kuni na siku kadhaa za kazi.

Pili, majeraha. Chombo kilichofungwa kikiwa na pombe inayochemka kinaweza kupasuka. Vipande vya chupa ya kioo vinaweza kumtoboa mtu jicho.

Tatu, hewa. Pombe inayochachuka hutoa hewa ukaa kwa wingi. Ndani ya chumba kisichopitisha hewa, au ndani ya shimo, hewa hiyo inaweza kuua.

Ni nini hasa kinachochemka?

Hakuna moto ndani ya pipa. Kuna chachu. Chachu ni viumbe vidogo sana visivyoonekana kwa macho, jamaa ya ukungu na uyoga. Vipo kwenye maganda ya matunda, kwenye nafaka na kwenye vyombo vya zamani vya kupikia pombe. Hamira ya mandazi ni chachu hiyo hiyo, ila imefugwa kiwandani na kukaushwa.

Chachu hula sukari. Ikishakula hutoa vitu viwili vikubwa: kileo na hewa ukaa. Mwanasayansi wa Ufaransa, Louis Pasteur, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1850 na 1860 kwamba kazi hii hufanywa na viumbe hai. Kabla ya hapo wataalamu wengi waliamini kwamba sukari huvunjika yenyewe.

Viputo tunavyoviona ni hiyo hewa ukaa ikitafuta njia ya kutoka. Chachu pia hutoa joto, na ndiyo maana ukigusa pipa linalochemka utalikuta na uvuguvugu kuliko pipa la maji lililo jirani nalo.

Hewa hiyo ni nyingi kuliko wengi wanavyodhani. Kilo moja ya sukari ikichachuka yote hutoa zaidi ya lita 200 za hewa ukaa. Dumu la lita 20 lenye sukari ya kilo 2 ndani yake, iwe ya ndizi, ya asali au ya dukani, litatoa zaidi ya lita 400. Hiyo ni mara 20 ya ujazo wa dumu lenyewe. Hakuna kifuniko cha dumu kilichotengenezwa kuzuia hewa kiasi hicho.

Mbege hupita hatua gani?

Kila ukoo una namna yake, lakini kwa ujumla hatua ni hizi:

1. Ndizi huivishwa hadi ziwe laini na tamu.
2. Humenywa na kuchemshwa kwa maji kwa saa kadhaa, hadi rangi igeuke kuwa nyekundu ya kahawia.
3. Hupozwa na kuachwa zichachuke kwa siku kadhaa kwenye pipa, kisha huchujwa.
4. Ulezi ulioloweshwa, ukaota, ukakaushwa na kusagwa, yaani kimea, hupikwa uji. Ladha ya uchungu hutokana na gome la mti wa msesewa.
5. Uji uliopoa huchanganywa na maji ya ndizi, na mchanganyiko huachwa usiku mmoja. Kesho yake mbege hunywewa.

Kuna nyakati mbili ambazo mbege huchemka kwa nguvu. Ya kwanza ni pale maji ya ndizi yanapoanza kuchachuka, kwa kawaida kati ya nusu siku na siku moja baada ya kupoa. Ya pili ni usiku ule baada ya kuongeza uji, kwa sababu chachu iliyokwisha kuzaliana inapata chakula kipya. Mpika pombe anayelala usiku huo bila kuacha nafasi kwenye pipa ndiye anayeamka na kukuta sakafu imelowa.

Mambo manne yanayoongeza nguvu ya kuchemka

*Joto.* Chachu hufanya kazi vizuri kwenye uvuguvugu. Kati ya nyuzi 20 na 30 hivi za selsiasi inafanya kazi kwa utulivu. Ikipanda zaidi ya hapo, huenda mbio na povu huwa jingi. Ikipita nyuzi 40 huanza kudhoofika, na kwenye maji ya moto hufa. Ndiyo maana pombe ile ile huchemka taratibu huko juu mlimani kwenye baridi, lakini hufurika haraka ikipikwa tambarare kwenye joto.

*Sukari.* Ndizi zilizoiva sana, asali au sukari ya dukani huipa chachu chakula kingi kwa mara moja.

*Wingi wa chachu.* Wengine huongeza pakiti mbili au tatu za hamira wakidhani pombe itakuwa kali zaidi. Sivyo. Ukali hutokana na sukari iliyopo, hamira huongeza mbio tu. Kwa lita 20, pakiti moja ndogo ya gramu 10 hivi inatosha. Mbege inayopikwa kwa njia ya asili haihitaji hamira ya dukani.

*Unga na machicha.* Vipande vidogo vya ndizi na chembe za kimea hushika viputo na kufanya povu kuwa zito. Povu zito hupanda kama unga wa mandazi na huweza kuziba tundu la kutolea hewa.

Jinsi ya kuizuia isifurike

*Acha nafasi.* Usijaze chombo. Acha robo hadi theluthi moja ikiwa tupu. Dumu la lita 20 lijazwe lita 14 au 15. Pipa la lita 200 lisizidi lita 150. Ukiwa na pombe nyingi kuliko nafasi, igawe kwenye vyombo viwili.

*Poza kwanza.* Usiongeze uji wa moto. Uji wa moto huua chachu, na uji wa uvuguvugu mkubwa huifanya ichemke kupita kiasi. Dondoshea kidogo kwenye kifundo cha mkono, kama mama anavyopima maziwa ya mtoto. Usiposikia moto wala baridi, unafaa.

*Ongeza kidogo kidogo.* Hapa ndipo ajali nyingi za povu huanzia. Ukimwaga unga mkavu au sukari kavu kwenye pombe inayochemka, kila chembe huwa mahali pa viputo kuanzia, na hewa yote iliyokuwa imejificha ndani ya pombe hutoka kwa pamoja. Povu huruka nje ghafla. Yeyusha sukari au unga kwenye maji kwanza, poza, kisha mimina polepole huku ukisubiri povu lishuke.

*Weka mahali pa baridi.* Chombo kiwe kivulini, mbali na mafiga. Povu likianza kupanda sana, lifunike pipa kwa nje na magunia yaliyoloweshwa maji, au weka dumu ndani ya beseni la maji. Maji yakikauka kwenye gunia huondoka na joto. Lowesha tena kila baada ya saa chache.

*Koroga kwa upole.* Mwiko safi unaweza kuvunja povu la juu. Usikoroge kwa nguvu hadi chini, maana utaamsha hewa na pombe itafurika mikononi mwako.

*Usitie dawa za mtaani.* Mbolea, betri, sabuni au dawa za mifugo si vitu vya kuharakisha wala kutuliza pombe. Ni sumu.

Kifuniko kinachopumua

Wazee hawakufunga chombo cha pombe kwa kukaza. Kibuyu kilizibwa kwa majani makavu ya mgomba yaliyosokotwa, na chungu kikafunikwa kwa majani. Vumbi na wadudu vilizuiwa, lakini hewa ilipita. Dumu la plastiki lenye kifuniko cha kukaza liliondoa usalama huo.

Njia rahisi za leo ni hizi:

* Kwa pipa au ndoo: funika kwa kitambaa safi kilichofungwa kwa kamba, kisha weka kifuniko juu bila kukaza.
* Kwa dumu: weka kifuniko, kaza, kisha kirudishe nyuma nusu mzunguko ili hewa ipite.
* Kwa anayetaka uhakika zaidi: toboa kifuniko, pitisha mpira safi wa plastiki, ziba pembeni, na ncha ya pili izame kwenye chupa wazi yenye maji. Hewa itatoka kama viputo, lakini nzi na vumbi havitaingia.

Mpira uwe mpana, angalau unene wa kidole kidogo. Mpira mwembamba huzibwa na povu, na ukizibwa dumu linakuwa limefungwa. Ncha ya ndani iwe juu kabisa, isiguse pombe. Ukiona viputo vimekoma ghafla wakati pombe bado changa, kagua mpira kwanza.

Tumeisha au bado?

Pombe iliyomaliza kuchachuka haina povu jingi, utamu umepungua, na machicha yametulia chini. Lakini macho hudanganya. Kuna kipimo kisichogharimu kitu: chukua chupa ndogo tupu ya soda ya plastiki, ijaze pombe hadi robo tatu, ibonyeze ili hewa ya juu itoke, kisha kaza kifuniko. Iache karibu na pipa kwa saa tatu au nne. Ikijaa na kuwa ngumu kama mpira uliopulizwa, pombe bado inatoa hewa. Ifungue taratibu, na usifunge chombo chochote kwa kukaza.

Mbege hunywewa ikiwa bado hai. Kwa hiyo kanuni yake ni moja: haifungwi kwa kukaza wakati wowote, na haiwekwi kwenye chupa za kioo. Pia haikai. Ikishapita siku moja au mbili, bakteria huigeuza kuwa chachu kali inayokaribia siki. Pika kiasi utakachokimaliza.

Kusafirisha kwa bodaboda au gari

Safari ina mambo mawili yanayoamsha pombe: mtikisiko na jua. Dumu lililokaa kimya nyumbani linaweza kuvimba baada ya nusu saa ya barabara mbovu.

Safirisha asubuhi au jioni. Jaza hadi robo tatu. Legeza kifuniko na ukizungushie kitambaa safi. Funika dumu kwa gunia bichi. Kila mnaposimama, angalia kama limevimba.

Ukikuta chombo kimevimba

Usikitikise na usiweke uso juu yake. Waondoe watoto. Dumu la plastiki lipeleke nje kivulini, lipoze kwa kulimwagia maji, kisha lifunike kwa kitambaa kilichoshiba maji. Fungua kidogo sana, sikia hewa inavyotoka, subiri, ongeza kidogo tena. Inaweza kuchukua dakika kadhaa. Usikimbilie.

Chupa ya kioo ni hatari zaidi. Usiibebe mkononi. Itupie blanketi au gunia zito kabla ya kuisogelea, na iache ipoe mahali ilipo. Kupoteza chupa moja ni nafuu kuliko kupoteza jicho.

Hewa isiyoonekana

Hewa ukaa haina rangi. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu, hivyo hutuama chini: sakafuni, ndani ya pipa, ndani ya shimo. Aliyelala sakafuni na mtoto mdogo huipata kabla ya mtu mzima aliyesimama.

Tuchukue mfano. Chumba cha mita 3 kwa 3 chenye kimo cha mita 2 na nusu kina hewa ya mita za ujazo 22 hivi. Pipa moja la pombe lenye sukari ya kilo 15 hutoa zaidi ya mita 3 za ujazo za hewa ukaa mpaka limalize kuchachuka. Hewa hiyo hutoka kwa siku kadhaa, na nyumba nyingi zina nyufa. Lakini mapipa matatu kwenye stoo yenye mlango uliofungwa ni jambo jingine. Hewa ukaa ikifika asilimia 4 ni hatari kwa maisha. Ikifika asilimia 10, mtu anaweza kuzimia ndani ya dakika chache.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kuhema haraka, kizunguzungu na jasho. Ukizisikia, toka nje mara moja.

Fuata haya:

* Usilale chumba kimoja na pombe inayochachuka, na usilaze mtoto humo.
* Stoo iwe na matundu ya hewa chini karibu na sakafu, na mengine juu.
* Fungua mlango na usubiri kabla ya kuingia asubuhi.
* Usiinamishe kichwa ndani ya pipa ili kunusa au kusugua. Lilaze pipa ubavu na ulisafishe ukiwa nje.
* Usiingie kwenye shimo au tanki lililokuwa na pombe au machicha.

Wengi hupima kwa mshumaa. Mshumaa ukizimika, usiingie. Lakini usipozimika, hilo si uthibitisho kwamba pako salama, kwa kuwa mshumaa huendelea kuwaka kwenye kiwango cha hewa ukaa ambacho tayari kinamdhuru binadamu.

Ukimkuta mtu ameanguka ndani ya shimo au tanki, usimfuate. Aliyekwenda kuokoa mara nyingi huwa maiti wa pili. Piga kelele, ita watu, na mvute kwa kamba au ndoano ukiwa nje.

Mambo ambayo kuchachuka hakuwezi kuyasafisha

Kuna imani kwamba pombe huua kila uchafu. Si kweli.

Januari 2015, katika mji wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji. Mwanzoni ilisemwa kwamba pombe ilitiwa nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha chanzo kingine: sumu iliyotengenezwa na bakteria waliokua kwenye unga wa mahindi ulioharibika kwa kulowa. Sumu ya aina hiyo ilikuwa ikijulikana zaidi Indonesia na China. Haiondolewi kwa kuchemsha wala kwa kuchachua.

Kwa hiyo, unga uliolowa mvua au mafuriko, nafaka yenye ukungu, na kimea chenye harufu ya uvundo visitumike. Visiende kwenye pombe kwa sababu tu vimeshindikana kwa ugali. Mwaka 2016, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumukuvu nayo haiishi kwa kupikwa.

Chombo pia kina maana. Pombe ni chachu, na uchachu huyeyusha madini. Usitumie pipa la mabati, chombo chenye kutu, wala dumu lililobeba dawa za mimea, mafuta ya gari au kemikali, hata likioshwa mara kumi. Plastiki ya chakula, chungu cha udongo na chuma kisichoshika kutu ni salama zaidi.

Mwisho, usichanganye spiriti ya viwandani kwenye pombe ili kuiongezea ukali. Mei 2014 nchini Kenya, makumi ya watu walifariki na wengine wakapofuka baada ya kunywa vileo vilivyotiwa methanoli.

Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

*Pombe inayochemka sana ndiyo kali?* Hapana. Kuchemka sana ni dalili ya joto, chachu nyingi au machicha mengi. Pombe iliyochachukia kwenye joto kubwa mara nyingi hunuka kama rangi ya kucha na ladha yake huwa mbaya.

*Pombe imekataa kuchemka, nifanye nini?* Angalia joto kwanza. Kama ni baridi, lifunike pipa kwa blanketi na ulisogeze mahali penye uvuguvugu. Kama uji uliingia ukiwa wa moto, chachu imekufa. Ongeza kikombe cha pombe changa inayochemka vizuri.

*Nikifurikiwa usiku nifanyeje?* Hamishia sehemu kwenye chombo kingine safi, poza kwa magunia mabichi, fungua mlango na madirisha. Usiongeze kifuniko kizito.

*Je, ninahitaji kibali?* Kuuza pombe kunahitaji leseni, na taratibu hutofautiana kati ya nchi na halmashauri. Muulize mtendaji wa kijiji au ofisi ya kata kabla ya kuanza biashara. Usimuuzie mtu aliye chini ya miaka 18.

Maneno tuliyotumia

*Chachu:* viumbe vidogo vinavyogeuza sukari kuwa kileo na hewa ukaa. Neno hili pia lina maana ya kitu chenye ladha ya ukali kama siki.

*Hewa ukaa:* hewa inayotoka kwenye viputo vya pombe, na pia tunayoitoa tunapopumua.

*Kimea:* nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa na kusagwa.

*Machicha:* mabaki yanayotuama chini au kubaki kwenye kichujio.

*Sumukuvu:* sumu inayotokana na ukungu kwenye nafaka na karanga.

Ya kukumbuka

Acha robo ya chombo wazi. Poza kabla ya kuchanganya. Usikaze kifuniko. Usilale na pipa. Usipike kwa nafaka iliyooza. Mtumie makala hii jirani yako anayepika, hasa kabla ya msimu wa sherehe, ambapo mapipa huwa mengi na usingizi huwa mchache.